Akiba Haiozi: Kumbukumbu ya Dimbwi la Asembo

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Methali hii nimeieleza katika mitihani mara nyingi, kwa mifano ya nafaka ghalani na fedha benki. Maana yake kamili, hata hivyo, nilifunzwa na gamba la tope kavu lisilozidi ukubwa wa kiganja.

Nilizaliwa Asembo Bay, ufuoni mwa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria. Mgeni afikapo kwetu huonyeshwa ziwa, mashua, na omena walioanikwa juani. Mimi utotoni nilivutwa na dimbwi. Lilikuwa nyuma ya boma letu, kando ya njia ya ng'ombe, upana wake hatua kumi hivi. Mvua za masika zilipoanza mwezi Machi lilijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa; kufikia Julai lilikuwa limekauka na udongo wake umepasukapasuka.

Siku chache baada ya mvua ya kwanza, viumbe walionekana humo. Walikuwa wembamba, urefu wa pingili ya kidole, miili yao ikipenya nuru. Waliogelea chali, matumbo yakielekea juu, huku jozi kumi na moja za miguu zikipiga maji kama makasia bila kupumzika. Kwa miguu hiyo huogelea, huchuja chakula na hupumua. Dani, yaani nyanya yangu, aliwaita kwa Dholuo samaki wa mvua. Nilipomuuliza wametoka wapi, alinyoosha kidole mbinguni.

Niliwafuga katika karai, nikajifunza kwa makosa. Maji ya bomba yenye dawa yaliwaua. Maji ya mvua yaliwafaa. Chembe za hamira zilipozidi, maji yalioza na wote wakafa kwa usiku mmoja. Siku niliyowatilia kisamaki kimoja kutoka ziwani, hakikusaza hata mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kufahamu kwa nini ziwa letu, pamoja na ukubwa wake, si makao yao. Wao huishi hasa pale samaki wengi wasipoweza kuishi, na samaki wengi hawawezi kuishi panapokauka kila mwaka. Ukavu tunaoudhania kuwa adui yao ndio mlinzi wao.

Mwezi Julai 2014 mdogo wangu alishikwa na malaria, akafariki kabla ya kutimiza miaka mitatu. Ni Asembo hiyo hiyo, pamoja na jirani yake Gem, kulikofanyiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 utafiti mkubwa uliothibitisha kuwa vyandarua vilivyotiwa dawa hupunguza vifo vya watoto. Chandarua chetu kilikuwa na tundu. Baada ya mazishi, Baba alimwaga maji ya karai langu bila kusema neno, kisha akachukua mkokoteni na kulifukia dimbwi kwa mawe na changarawe. Kabla hajamaliza, nilibandua gamba la tope lililokwisha kukauka ukingoni, nikalifunga katika gazeti na kulificha ndani ya sanduku langu la bati. Nilimnunia Baba kwa muda mrefu. Nilimwona kama mtu aliyeniua mara ya pili.

Nilikuja kumwelewa chuoni. Nilisoma kwamba mbu aenezaye malaria hupenda kutaga katika vidimbwi vidogo vya mvua vinavyopigwa na jua, hata katika nyayo za ng'ombe, na kwamba siku kama kumi zinatosha yai kuwa mbu kamili. Karai langu nililiacha juani, wazi, wiki nenda wiki rudi. Hakuna ajuaye mbu yule alitoka wapi. Lakini karai langu nalo lilikuwa dimbwi. Sentensi hiyo imenichukua miaka kuiandika.

Katika kusoma huko nilijua pia kwamba mayai ya viumbe wale hustahimili ukavu kwa miaka mingi. Nikalifungua lile gazeti. Nililiweka gamba katika beseni la maji ya mvua dirishani pa chumba changu. Siku ya pili nukta nyeupe zilikuwa zikirukaruka majini. Baada ya wiki mbili majike walikuwa wamebeba vifuko vya mayai. Nao hawakuwa wote waliokuwamo topeni, kwani mayai hayaanguliwi yote kwa mvua moja. Mengine husubiri, ili mvua ya kwanza ikiwa ya kudanganya, na dimbwi likakauka mapema, kizazi kisikatike. Hiyo ndiyo akiba.

Mwenzangu chumbani aliuliza, "Hawa wanaitwaje?" Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, nilikosa jina. Kamba ni wa baharini, na uduvi vilevile. Ndugu msomaji, napendekeza tuwaite uduvi wa mvua, ili jina la Pwani likutane na jina la Dani. Uduvi wa Pwani hukaushwa wakaliwa. Hawa wa kwetu hukauka wangali mayai, kisha wakaishi. Kama lipo jina bora zaidi, nitalipokea kwa shukrani.

Likizo ilipofika niliwatia wachache katika chupa, nikapitia Kisumu hadi nyumbani. Niliwamimina katika lile karai la zamani mbele ya Baba. Aliinama akawatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe hawakuisha," alisema.

Aliingia ndani, akatoka na kipande cha chandarua kizee. Alilifunika karai, akakifunga kwa kamba pande zote, kisha akapitisha kidole ukingoni kuhakikisha kwamba hapakusalia upenyo.