MAYAI YA KWARE NA MIZANI YA MAABARA

Hapa Themi ukimtajia mzee kware, atamkumbuka yule ndege wa porini arukaye kwa kishindo kutoka majanini katika miteremko ya Meru. Siye huyo ninayetaka kuwaeleza habari zake. Kware wa kufugwa asili yake ni Asia ya Mashariki, na Wajapani ndio waliomfanya kuwa ndege wa mayai. Uzito wake ni kama gramu 150, na jike huanza kutaga akiwa na umri wa majuma sita au saba. Yai lake lina gramu 10 hivi, kwa hiyo mayai matano hulingana na yai moja la kuku. Lakini ukilipima yai kwa mwili wa mamaye, kware amemshinda kuku mbali sana.

Ndege huyu ana ila moja: kwa kufugwa muda mrefu amesahau kuatamia. Hutaga, akaenda zake. Mayai hayana budi kutiwa katika mashine yenye joto la nyuzi 37.5 hivi, yageuzwe mara kadha kila siku, na baada ya siku 17 au 18 vifaranga hutoka. (Mwaka 1990 vifaranga vya kware vilitotolewa hata katika kituo cha anga cha Mir, mbali kabisa na dunia. Mimi nilitosheka kujaribu nyuma ya jiko letu.)

Mama alinunua mashine kwa mkopo wa kikoba chao cha akina mama. Mara mbili alinunua mayai kwa mtu mmoja, hamsini na hamsini. Mara ya kwanza alipata vifaranga 11. Mara ya pili, 8. Wachache waliokua ndio waliotupa mayai yetu wenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, ikishindikana mara ya tatu, hawa waliobaki wataingia chunguni na mashine nitaiuza." Hakuwa akifanya mzaha. Deni lilikuwa halijafika nusu, na alikuwa amesikia mambo ya Kenya, ambako mwaka 2013 watu walikimbilia kware kwa kuamini kwamba mayai yake ni dawa ya kila ugonjwa, na mwaka 2014 bei ikaanguka, wengi wakabaki na ndege wasio na mnunuzi.

Nilimpelekea Mwalimu wetu wa Baiolojia habari hizo. Akauliza, "Mashine mmeilaumu vya kutosha. Mayai yenyewe mmeyatazama?" Akaniruhusu kutumia mizani ya maabara baada ya masomo.

Basi tulikusanya mayai ya ndege wetu kwa siku sita tu, kwa sababu yai likikaa zaidi ya juma moja nguvu ya kuanguliwa hupungua. Nadhani yale ya kununua yalikuwa yamekaa sana, ila sikuwapo yalipotagwa. Tuliyaweka mahali pa baridi, ncha kali chini, maana chumba cha hewa kimo upande ule butu. Yenye ufa, marefu kupita kiasi na ya mviringo kama gololi tuliyatenga. Tukatenga na yale meupe yasiyo na madoa, ambayo ganda lake lilikuwa jepesi kama chaki. Madoa nayo yana mafunzo yake: kila jike hutia mayai yake alama za namna moja, hata Mama aliweza kusema hili la nani na lile la nani.

Hapo ukazuka ubishi. Mama alitaka tutie makubwa tu. "Yai kubwa, kifaranga kikubwa," alisema, na katika hilo alikuwa na haki, kwani kifaranga huzaliwa na uzito wa kama theluthi mbili za yai lake. Lakini Mwalimu alieleza kwamba ganda lina vitundu vidogo ambavyo maji hutoka polepole. Yai dogo hukauka upesi. Kubwa mno huenda lisipoteze maji ya kutosha, na kifaranga kikashindwa kutoka. Nilimsihi Mama tujaribu yote, naye akakubali shingo upande. Tukatia 48: 16 madogo, chini ya gramu 10, 16 ya kati, na 16 yaliyozidi gramu 12.

Usiku wa siku ya tisa umeme ulikatika. Tulizungushia mashine mablanketi na chupa za maji ya moto, na Mama hakulala.

Siku ya 17 saa kumi na moja alfajiri nikasikia mlio. Kufikia jioni ya siku ya 18 madogo yalikuwa yametoa vifaranga 9, makubwa 10, na ya kati 13. Jumla 32! Wa mayai makubwa walikuwa wanene, na juma zima waliwapita wenzao. Tuliwapa chakula chenye protini nyingi, joto la taa, na maji katika kisahani chenye kokoto wasije wakazama. Lakini kufikia juma la tano sikuweza tena kuwatofautisha kwa macho. Tena jike wa kware humzidi dume uzito, kwa hiyo aliyeonekana mkubwa mara nyingi alikuwa jike tu.

Mwalimu amenikumbusha kwamba mayai 48 ni machache, na kwamba nirudie jaribio katika miezi ya baridi, Juni na Julai. Mama hangojei Juni. Amenunua mizani ndogo ya jikoni, na kila jioni huyapima mayai: makubwa na madogo huenda Soko la Kilombero kuliwa, ya kati huingia mashineni. Mwezi uliopita amelipa kikoba fungu lake kwa fedha ya vifaranga, na wale wakongwe bado wamo bandani, wanataga.