Wimbo Ghalani: Muziki wa Filamu ya The Wicker Man na Suala la Matini

Si nadra kukuta, katika mikusanyo ya zamani ya ngano za Afrika Mashariki, hadithi ambayo maneno yake yamechapwa kikamilifu ilhali wimbo wake umeachwa. Mkusanyaji huandika kwamba hapa fanani huimba, kisha huendelea na kisa. Kwa mtu aliyewahi kuketi katika hadhira ya ngano, upungufu huo ni mkubwa. Ndege atuaye juu ya paa na kufichua mauaji hafichui kwa kusema bali kwa kuimba, na hadhira inayopokea kiitikio ndiyo inayoupa ushahidi wake uzito. Wimbo ukitolewa, kinachobaki ni muhtasari.

Dharau ya namna hiyo imekuwamo pia katika historia ya filamu, hasa filamu zilizotengenezwa kwa gharama ndogo na ambazo baadaye, pasipo matarajio ya waliozitengeneza, zilijipatia wafuasi wanaozipenda kwa dhati. Katika filamu hizo muziki ulilipiwa mara moja, ukarekodiwa upesi, ukatiwa chini ya picha, na kanda zake zikasahauliwa. Kampuni ilipouzwa, picha zilichukua njia yake na hati za muziki zikachukua nyingine.

Pengine hata mtunzi hakuwapo. Filamu ya George A. Romero, Night of the Living Dead, iliyotengenezwa karibu na Pittsburgh, Marekani, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968, ilitumia vipande vilivyokuwa tayari katika bohari ya muziki ya Capitol iliyoitwa Hi-Q, ambamo muziki wa hofu, wa mashaka na wa furaha ulipangwa kama vitambaa dukani. Baadhi ya vipande hivyo vilikwisha kusikika katika filamu ya Teenagers from Outer Space ya mwaka 1959. Santuri ya muziki wa filamu ya Romero ilitolewa mwaka 1982. Mtu aliyeutaka muziki huo kabla ya hapo hakuwa na mtunzi wa kumwendea. Alichoweza kufanya ni kutambua kipande kimoja kimoja kwa sikio, kisha kukitafuta katika bohari.

Lakini mfano unaomhusu zaidi mwanafunzi wa fasihi simulizi ni The Wicker Man, filamu ya Uingereza ya mwaka 1973, iliyoandikwa na Anthony Shaffer na kuongozwa na Robin Hardy. Ilipigwa kusini-magharibi mwa Uskoti mwishoni mwa mwaka 1972, katika baridi ya majira ya kupukutika majani, ingawa kisa chake ni cha mwezi wa Mei. Christopher Lee, mwigizaji mashuhuri kuliko wote waliokuwamo, alikubali kuigiza bila malipo. Muziki ulitungwa na Paul Giovanni, Mmarekani wa New York, akisaidiwa na Gary Carpenter na vijana waliokusanywa kwa kazi hiyo tu. Walijiita Magnet. Kundi hilo halikuwa na maisha nje ya filamu, na kazi ilipokwisha lilitawanyika.

Kisa chenyewe chafaa kuelezwa, kwani bila hicho hasara inayozungumzwa hapa haionekani. Sajini Howie, askari wa polisi na Mkristo mwenye msimamo mkali, anafika katika kisiwa cha Summerisle kumtafuta msichana aliyepotea. Anakuta watu walioiacha dini yake na kurudia ibada za jua na mashamba. Hawamhubirii, wanaimba. Jioni ya kwanza, katika kilabu cha pombe, wazee na vijana wanaimba juu ya binti wa mwenye kilabu, naye binti na baba yake wako hapohapo wakifurahia. Kesho yake, karibu na shule, wavulana wanazunguka mlingoti huku wakiimba wimbo wa mnyororo: kutoka mti hadi tawi, kutoka tawi hadi kiota, yai na ndege, na kuendelea hadi mwanamume, mtoto na kaburi, ambako mti huota tena. Muundo huo ni uleule wa ngano za mnyororo zinazojulikana pwani na bara.

Howie anasikia matusi. Hajui kwamba ameelezwa, kwa mpangilio na kwa ukamilifu, itikadi ambayo itamuua: kwamba mauti ya mtu mmoja hulipa uhai wa shamba, na kwamba hakuna kifo kilicho mwisho. Kila alichohitaji kukijua kimeimbwa mbele yake. Kosa lake, kwa hakika, ni kosa la yule mkusanyaji wa ngano: aliuhesabu wimbo kuwa kitu cha pembeni, akaendelea na kisa.

Wapo watakaopinga kwamba nyimbo hizo si za kimapokeo hata kidogo. Giovanni alichanganya beti za Robert Burns, nyimbo za mashambani za Kiingereza na utunzi wake mwenyewe, akaviweka vyote katika vinywa vya wakazi wa kisiwa cha Uskoti ambacho hakipo. Pingamizi hilo ni la kweli, ila halifiki mbali. Katika filamu yenyewe ibada za kisiwa ni za kubuniwa pia: babu wa mtawala wa sasa ndiye aliyezianzisha upya, kwa sababu za kilimo. Mapokeo ya bandia yamepewa nyimbo za kuungwa, na wenyeji wanaziamini kwa moyo wote.

Wenye filamu hawakuiamini. Kampuni ya British Lion ilikuwa katika mabadiliko ya umiliki. Filamu ilipunguzwa hadi dakika zipatazo 87 na kuonyeshwa kama sinema ya ziada pamoja na Don't Look Now. Miongoni mwa yaliyokatwa ni usiku wa kwanza wa Howie kisiwani, pamoja na wimbo mzima, ule wa “Gently Johnny”. Negativu ya awali ilipotea. Nakala ndefu ilisalimika kwa sababu ilikuwa imetumwa Marekani kwa Roger Corman, ambaye aliombwa kutoa maoni yake juu ya soko. Kuhusu muziki, hakuna santuri iliyotolewa. Aliyezipenda nyimbo hizo alikuwa na njia moja: kuitazama filamu tena, ilipokuwa ikionyeshwa, na kuzishika kichwani.

Hali hiyo ilidumu miaka 25. Mwaka 1998 kampuni ndogo ya London iitwayo Trunk Records, ya Jonny Trunk, ilitoa muziki huo kwa mara ya kwanza. Chanzo chake ndicho chenye mafunzo. Haukutoka katika kanda za studio ya muziki, bali katika kanda iliyohifadhiwa Pinewood ambayo haikukusudiwa kusikilizwa na mtu yeyote kama ilivyo. Sauti ya filamu hugawanywa katika mafungu matatu: mazungumzo, muziki, na sauti za matukio kama vile nyayo, milango, upepo na bahari. Filamu inapotazamiwa kuuzwa katika nchi zinazotia sauti upya kwa lugha zao, huandaliwa kanda yenye mafungu mawili ya mwisho tu, ili waigizaji wa Kiitalia au wa Kijerumani waweke maneno yao juu yake. (Wafasiri wa sinema wa Dar es Salaam, akiwamo Lufufu, na wenzao wa Kenya na Uganda, hawakuwa na kanda ya aina hiyo. Sauti zao zililazimika kupanda juu ya mazungumzo na muziki kwa pamoja, jambo ambalo bila shaka lilichangia kuwafanya wasimulizi kuliko waigizaji.) Kwa hiyo nyimbo ambazo lugha ya asili ya filamu haikuona haja ya kuzitunza zilitunzwa kwa ajili ya lugha nyingine.

Toleo la 1998 lina sauti ya mkondo mmoja, na sauti za matukio zimo pamoja na muziki. Mwaka 2002 Silva Screen ilitoa toleo jingine, la stereo, lililo safi zaidi na lenye mpangilio unaofanana na santuri ya kawaida. Wanunuzi wengi, na si ajabu, hulipendelea hili la pili. Mhakiki wa matini hana budi kusita. Katika la kwanza wimbo uko mahali pake, kama katika kanda ya mtafiti wa nyanjani ambamo jogoo huwika na mtoto hukohoa katikati ya utenzi. Katika la pili wimbo umeinuliwa kutoka katika tukio lake na kuwa kazi ya studio. Ni kweli kwamba la pili linakaribia zaidi yale waliyoyapiga wanamuziki mbele ya vinasa sauti. La kwanza ndilo linalokaribia yale yaliyosikiwa na Howie. Akilazimishwa kuchagua, msomi wa ngano afadhali achague jogoo.

Paul Giovanni hakuulizwa. Alifariki mwaka 1990, miaka minane kabla ya toleo la kwanza, na miaka 23 kabla ya mwaka 2013, ambapo filamu ilirejeshwa katika sura iliyoidhinishwa na Hardy kutokana na nakala iliyopatikana katika hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha Harvard. Hakuwahi kushika mkononi santuri ya nyimbo zake hizo.

Wimbo wa mwisho wa filamu si wake. Sanamu kubwa ya fito inapowaka moto, Howie akiwa ndani yake akiililia Zaburi ya 23, wanakisiwa wanashikana mikono na kuimba “Sumer is icumen in”, wimbo wa Kiingereza wa kushangilia majira mapya. Wimbo huo umesalimika tangu karne ya 13 katika muswada unaohusishwa na abasia ya Reading, ambao leo umo katika Maktaba ya Uingereza jijini London. Chini ya maneno ya Kiingereza kuna maneno ya Kilatini, yanayoimbika kwa sauti ileile, yenye kuusimulia msalaba wa Kristo. Mikono ya watawa ndiyo iliyoyatunza yote mawili katika ukurasa mmoja.