Kutoka Baraka mpaka Fizi

Mama wenzetu, mgeni akifika Baraka anadhani amefika makao makuu. Soko kubwa liko hapa, mitumbwi iko hapa, meya naye yuko hapa. Kumbe ofisi ya teritware iko Fizi, juu milimani. Sekta zake ni nne: Tanganyika, Mutambala, Lulenge, na Ngandja kwenye dhahabu ya Misisi, inayotuvutia vijana. Lulenge ni mbali. Mvua ikinyesha, ni mbali zaidi.

Juma lililopita nilipanda pikipiki na mabeseni mawili ya ndagala, natafuta pesa ya masomo ya mtoto. Njiani tulipishana na mama wanaoshuka kwa miguu, muhogo mgongoni. Wao wanashusha unga, sisi tunapandisha samaki.

Tatizo ni mwezi. Ukijaa, taa za wavuvi hazivuti tena ndagala, na bei inapanda mpaka mlimani. Nilikimbilia kabla haujajaa. Beseni moja niliuza, nikalipa nauli. La pili nimemkopesha mama mmoja wa Fizi. Tutahesabiana giza likirudi. Shule, lakini, inataka pesa Ijumaa.