HESABU MASAA KABLA YA KUHESABU KARO



Kuna swali ambalo watu wa makamo, hasa walio na vyeo kazini, huniuliza sana baada ya ibada: "Pastor, nina miaka arobaini na kitu, ni meneja, nina familia. Moyo unaniambia nirudi chuoni nisome MBA. Haya ni mapenzi ya Mungu ama ni tamaa ya cheti?"

Leo nitajibu kwa yale niliyopitia. Mnajua kwamba Jumatatu hadi Ijumaa mimi ni meneja wa shughuli katika kampuni ya usambazaji hapa Nairobi, na shahada hiyo niliisoma nikiwa kazini na nikiwa madhabahuni.

Kwanza, ondoa aibu. Harvard walianza kufundisha shahada hii mwaka 1908. Mwaka 1943, dunia ikiwa vitani, Chuo Kikuu cha Chicago kikafungua programu ya wasimamizi ambao tayari wako kazini. Na kweli kuna mambo ambayo mtu huyaelewa tu baada ya kuwahi kukosa usingizi akiwaza mishahara ya watu. Neno nalo halituzuii. Musa alifundishwa hekima ya Wamisri. Danieli alisoma elimu ya Wakaldayo akiwa ugenini. Paulo, akiwa kifungoni na mwisho wake ukikaribia, bado aliagiza aletewe vitabu vyake. Roho Mtakatifu hana ugomvi na daftari.

Lakini Yesu alituuliza katika Luka 14 ni nani ajengaye mnara bila kuketi kwanza ahesabu gharama. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu huhesabu karo peke yake. Karo ina njia zake: mshahara, sacco, mkopo. Masaa hayakopeshwi popote.

Kabla sijajaza fomu ya chuo, mama watoto alileta kalamu na karatasi. Wiki ina masaa 168. Tukatoa usingizi, masaa 49. Kazi, 50. Barabarani, na mnaijua Thika Road, 14. Kanisa, 12. Kula, kuoga na shughuli za nyumbani, 21. Yakabaki 22. Masomo ya jioni yalikuwa masaa 9 kwa wiki, na kusoma pamoja na kazi za kikundi yangetaka 9 mengine. Yakabaki manne.

Akaniuliza, "Hayo manne ndiyo yetu? Na matanga? Na wazee kule nyumbani?"

Nikamwambia Mungu atatupa nguvu.

Akasema, "Nguvu atatupa, Pastor. Lakini siku ya nane hataongeza."

Mpendwa, sijawahi kuhubiriwa vile. Masaa ya kusoma lazima yatoke mahali, na karibu kila saa unayoiita yako ina mtu mwingine anayeingoja. Kwa hivyo tulikaa tukaamua yatoke wapi. Ibada ya Jumatano nikawakabidhi wazee. Mkesha wa Ijumaa wakachukua viongozi wa vijana. Mpira wa runinga ukaenda. Jumapili kuanzia saa nane mchana ikafungwa: hapana kitabu, hapana simu ya ofisini, ni familia.

Kazini nilifuata ushauri wa Yethro katika Kutoka 18. Alimkuta mkwewe Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, peke yake, akamwambia atajimaliza na watu nao watachoka. Dawa yake ilikuwa kuweka viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mambo makubwa yaletwe kwa Musa, madogo yaishie huko chini. Somo la uongozi chuoni liliniletea jambo lile lile kwa vitabu vinene.

Nikamwandikia naibu wangu barua rasmi: haya utaamua wewe, manunuzi hadi kiasi hiki utaidhinisha wewe, na jioni za masomo simu yangu itazimwa saa kumi na moja unusu hadi saa tatu usiku.

Mameneja wenzangu, tuseme ukweli mbele za Mungu. Kinachotufanya tusikabidhi kazi si kwamba walio chini yetu hawawezi. Tunaogopa kwamba wataweza. Ofisi ikienda vizuri bila wewe, mwenye kampuni ataona. Hofu hiyo ilinikalia kooni muhula mzima wa kwanza. Dada yule aliweza, tena vizuri. Mwaka wa pili wakubwa waliniuliza kama yuko tayari kupewa tawi la Kisumu. Nilijua nikisema ndiyo, mzigo wake unanirudia katikati ya muhula. Nikasema ndiyo. Akaenda, nami nikaanza upya kumfundisha mwingine, nikisoma usiku. Nilichoka, lakini nilijua sasa kwamba cheo changu hakishikiliwi na mikono yangu.

Jambo jingine nililipata katika somo la fedha. Mhadhiri wetu angeweza kuwa kitinda mimba wa mama yangu, na tulimwita Daktari kwa heshima yote. Alitufundisha kwamba shilingi ya kesho si sawa na shilingi ya leo. Ukiahidiwa shilingi 100,000 baada ya miaka 2, na riba ni asilimia 12 kwa mwaka, ahadi hiyo leo ni kama shilingi 79,700 tu, maana ukiwekeza hizo leo, zitafika laki moja siku hiyo.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikifikiria ahadi za wazazi wanaosoma. "Nikimaliza masomo nitakupeleka kuogelea." Mtoto ana miaka tisa. Ukimaliza ana kumi na moja, ana marafiki zake, na kuogelea kumemtoka moyoni. Hakuna riba kali kama ya utoto. Ndiyo maana Jumapili ile iliyofungwa haikufunguliwa hata wiki ya mitihani. Kidogo cha leo kiliwafaa watoto kuliko kingi cha baadaye.

Kisha ukaja mradi wa utafiti. Kibali cha NACOSTI nilikuwa nimeshapata, hojaji zimechapishwa, nimebakisha kuzunguka kwenye maghala nikusanye takwimu. Mama yangu akalazwa. Tulihesabu masaa tena na mama watoto, na safari hii hayakutosha hata kwa kulazimisha. Niliandika barua chuoni nikaomba kuahirisha muhula mmoja. Wenzangu waliendelea. Siku yao ya mahafali nilikuwa nimekaa kando ya kitanda wadini, nikitazama picha zao kwenye kikundi cha WhatsApp. Tulimzika mama mwezi wa nane.

Joho lilingoja, nikalivaa mwaka uliofuata. Mama asingengoja.

Kwa hivyo, mpendwa unayeuliza, sitakuambia usisome. Soma! Kanisa linahitaji watu wanaoweza kusoma mizania bila kutetemeka, na kampuni zinahitaji wakubwa wanaokumbuka kuketi kama wanafunzi. Lakini wiki hii, kabla ya kulipa karo, fanya mambo matatu. Andika masaa yako 168 mbele ya mwenzi wako, umruhusu akusahihishe. Taja kwa jina mtu utakayemkabidhi sehemu ya kazi yako, na umpe mamlaka kwa maandishi. Kisha uliza chuo utaratibu wa kuahirisha masomo, ungali mzima na hakuna aliyelazwa.

Kama baada ya hayo bado una amani, nenda. Hiyo si tamaa ya cheti.

Bwana atufundishe kuzihesabu siku zetu, na masaa yaliyomo ndani yake. Awape nguvu wote watakaotoka ofisini jioni hii kuelekea darasani, na awalinde wanaowangoja nyumbani.

Mtag meneja mmoja anayehitaji neno hili. Muwe na wiki yenye baraka. Shalom.