Sifuri hadi Mia, Barabara ya Karuba

Muhula uliopita, katika somo la istilahi, mwalimu alitugawia kurasa za matangazo ya biashara tuzitafsiri. Mwenzangu mmoja alipata jiko la gesi, mwingine dawa ya kikohozi. Mimi nikapata Toyota Land Cruiser 300, gari lililozinduliwa mwaka 2021: injini ya petroli ya V6, lita 3.5, turbo mbili, nguvu za farasi zaidi ya 400. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, sekunde 6.7.

Darasa lilibishana juu ya neno moja tu. Kuna aliyeandika "uongezaji kasi", kuna aliyetaka "akselerasio" kwa sababu ndivyo mafundi wa Goma watakavyoelewa. Mimi niliandika "mchapuko", neno la vitabu vya fizikia vya Tanzania, nikaeleza kwamba linatokana na kitenzi chapuka, na kwamba lina undugu na chapuchapu. Nilipata alama nzuri. Usiku nikakaa kupiga hesabu ambayo hakuna aliyenituma.

Kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde. Gawa kwa 6.7, unapata kama mita 4.1 kwa kila sekunde. Jiwe linalodondoka, ukiacha upinzani wa hewa, huongeza mita 9.8 kwa kila sekunde. Kwa hiyo gari hilo, lenye bei ya nyumba, halifikii hata nusu ya jiwe. Nilicheka peke yangu. Karuba, nilikozaliwa, mchapuko tunaoujua ni huo wa jiwe: mteremko na uzito.

Msomaji ambaye hajafika Masisi pengine ameiona chukudu katika picha, au ile sanamu yake ya rangi ya dhahabu iliyosimamishwa Goma mwaka 2009. Ni ya mbao, ina magurudumu mawili yaliyovishwa mpira, haina injini wala pedali. Watu husema jina lake ni tanakali, sauti ya chombo chenyewe kikipita juu ya mawe. Kupanda, unaisukuma. Kushuka na magunia ya viazi au makaa kuelekea Sake, unapiga goti juu yake na kuomba breki, ambayo ni kipande cha mpira unachokikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, ikubali. Kaka yangu mkubwa aliendesha chukudu miaka sita. Alisema kazi yote ni kuzuia mwendo. Kuutafuta hakuna anayehitaji. Sijaona karatasi ya kiwanda inayopima hilo: sekunde ngapi kutoka mwendo wa hatari hadi sifuri.

Ili nitafsiri vizuri nilisoma habari za vizazi vya gari lile. Mwaka 1951, gari la Toyota BJ, babu yao wote, lilipata sifa kwa kupanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Land Cruiser likaja mwaka 1954. Kwa miongo kadhaa sifa ilikuwa hiyo hiyo: kupanda, kuvuka, kutokufa njiani. Kisha safu kubwa ikaanza kunenepa na kupendeza. Land Cruiser 100 ya mwaka 1998 ikaja na V8 ya kwanza katika ukoo huo, 200 ikafuata mwaka 2007, na 300 ikaiacha V8, ikapunguza uzito wa kilo kama 200, na ikawa nyepesi kuondoka. Sina ugomvi na wahandisi. Ila niligundua kwamba gari tunalolijua sisi limebaki pembeni ya hadithi hiyo: lile la safu ya 70, lililoanza mwaka 1984, na ile injini yake ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, bila turbo, nguvu za farasi kama 130. Kwetu magari yote ya namna hiyo huitwa "jeep", hata Toyota akikasirika.

Mwezi wa nne mwaka 2015, wakati wa mvua, yaya yangu alishikwa na uchungu usiku. Muuguzi wa kituo cha afya alisema lazima ashushwe hospitali. Simu ikapigwa. Jibu lilikuwa: "Gari iko nakuya."

Nataka wanaisimu wenzangu wakae na sentensi hii kidogo. Kwa Kiswahili sanifu tungeandika "gari linakuja", na kiambishi -na- kingebeba yote: sasa hivi, kila siku, hata kesho. Kiswahili cha kwetu kina "iko na-", umbo linalosema tendo limeshaanza na bado liko njiani. Mama alilirudia kila nusu saa, kwa yaya, kwa jirani, kwa giza. Iko nakuya. Na ilikuwa kweli, hakuna aliyedanganya. Dereva alikuwa ndani ya tope, gia ya kwanza, matairi yakizunguka mahali pamoja, anashuka kutandika mawe na matawi, anapanda tena. Ilimchukua saa tano.

Hatukungoja zote. Wanaume wanane walimbeba yaya katika ngobyi wakipokezana, mimi nikitangulia na tochi, tukakutana na taa za gari chini ya mteremko, karibu alfajiri. Naikumbuka sauti ya ile dizeli, nzito, haina haraka. Yaya alipona. Mtoto hakupona.

Sikuyaandika haya katika kazi ya mwalimu. Niliandika "mchapuko: sekunde 6.7", na tafsiri ni sahihi, na sitaibadilisha. Lakini kwenye ukingo wa nakala yangu nimeandika kwa penseli "iko na-", na tangu hapo nimeanza kukusanya mifano yake kwa ajili ya tasnifu. Mingi inatoka kwa mama. Vita vilipofika Mushaki na Karuba mwaka 2023, alishuka Sake kwa miguu, mizigo juu ya chukudu ya kaka, na sasa yuko Goma. Hupiga simu Jumapili, swali ni moja: mwanangu, utafika lini?

Niko nakuya, Mama.