Kilichotulia Chini ya Tangi

Nilipomaliza eda ya miezi 4 na siku 10, jambo la kwanza aliloniomba mwanangu mkubwa lilikuwa ruhusa ya kuishusha majini mashua ya marehemu baba yake. Ilikuwa ufuoni tangu siku ya msiba, na karo ya wadogo zake ilikuwa ikingoja. Tena alikwisha kupata kazi: kuwavusha kina mama na watoto kutoka Lamu kwenda harusini Pate.

Alitaka kuongeza petroli mpya juu ya ile ya zamani, basi. Akavuta kamba, mashine ikanguruma. "Si inawaka, mama?" akaniuliza kwa furaha, nami moyo ukakunjuka.

Lakini ami yake, fundi wa mashine, hakuridhika. Alilitikisa tangi, akamimina mafuta kidogo katika chupa nyeupe, akatwambia tungoje. Punde tukaona tabaka mbili: juu petroli iliyogeuka rangi ya chai, chini maji na chembe za kutu. Akatueleza kwamba hewa ya pwani ina unyevu, na tangi lisilojaa hutoka jasho kwa ndani. Petroli nayo ikikaa miezi mingi huharibika na kuacha utomvu unaonata. Maji, kwa kuwa ni mazito zaidi, hutulia chini.

"Hapa ufuoni itawaka," alisema. "Mkishatoka Mkanda, mawimbi yatakoroga kila kilicholala. Mashine itazimika, na watoto wa watu mnao."

Mwanangu alinitazama. Nikamwambia awaarifu wenye harusi watafute chombo kingine. Fedha zile tulizihitaji, sitaficha. Lakini roho za watu ni amana.

Siku ile tulilipeleka tangi mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara. Mafuta yaliondolewa kwa pampu ya mkono. Ami alimkataza kijana kuyafyonza kwa mdomo, kwani petroli ikiingia mapafuni inaweza kuua. Lilisuuzwa mara 3 kwa petroli safi kidogo kidogo, hadi chembe zikakoma kutoka, kisha likaachwa wazi likauke. Chujio na mpira vilibadilishwa, kabureta ikafunguliwa na kusafishwa. Mwanangu alipotaka kuyamwaga mafuta machafu mikokoni, ami alimzuia: pale ndipo kaa na samaki wachanga wanapokulia. Yalitiwa katika mtungi wenye kifuniko, akaenda nayo karakanani kwake.

Tulipokuwa tukirudisha vifaa katika kisanduku cha mashua, nilikuta kipande cha leso yangu kuukuu, kimekunjwa vizuri. Miaka mingi nilimlaumu mume wangu kwa kunichukulia leso zangu na kuzirudisha zinanuka petroli. Kumbe alikuwa akichujia mafuta kila alipojaza tangi, na sisi wanawe na mkewe tukivuka salama bila kujua sababu.

Juma lililofuata nilipanda mashua hiyo kwenda Pate. Mawimbi yalitutikisa, mashine haikukohoa hata mara moja. Mwanangu alikuwa ameshika usukani, na leso ile ameifunga mkononi. Nilimwombea baba yake rehema, na sijaidai tena.