Begi Moja kwa Safari ya Kusini: Ni Nani Anayebeba Mizigo Yetu?

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisafiri kwenda Mtwara na begi moja tu la mgongoni. Ninakwenda huko kwa shughuli za kawaida za mhadhiri: kuwakagua wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo, kushiriki warsha, na pengine kukusanya data za utafiti. Naishi Kibaha, na kabla ya safari ndefu hupita Kisarawe kuwaaga wazee wangu. Huko kote, kwa majirani, kwa wafanyakazi wenzangu na kwa jamaa, huulizwa swali lile lile: "Mzigo wako uko wapi?"

Makala haya ni jibu langu kwa swali hilo. Kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyobaini kuwa si swali la nguo peke yake. Ni swali la historia yetu ya kubeba na kubebeshwa, na la namna ambavyo sisi tunaoitwa wasomi na watumishi wa umma tunawafikia wananchi wenzetu.

Nianze na hali ya hewa, kwa kuwa hiyo ndiyo inayowababaisha wengi. Mtwara iko ufukweni mwa Bahari ya Hindi, kilomita zipatazo 560 kusini mwa Dar es Salaam. Joto lake likisomwa kwenye kipimo halitishi sana. Kinachochosha ni unyevunyevu. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, mvua na mvuke wa bahari huungana. Jasho halikauki mwilini, na shati lililofuliwa jioni huweza kukukuta asubuhi likiwa bado bichi kambani. Msafiri aliyezoea baridi ya Iringa au Mbeya hudhani kuwa dawa ya jasho ni wingi wa nguo, abadili tatu kwa siku. Baada ya siku mbili huwa na furushi la nguo chafu zinazonuka uvundo, na zile safi zilizobanwa sandukuni nazo zimeanza kushika harufu hiyo hiyo.

Dawa yake ni uchache na wepesi. Ndani ya begi langu huwa na mashati mawili ya pamba nyepesi na suruali moja zaidi ya ile niliyoivaa, wala si ya jinzi, kwa sababu jinzi ikilowa wakati wa mvua huweza kukaa kambani siku mbili. Huwamo kikoi, ambacho ni taulo asubuhi, vazi la nyumbani jioni na shuka usiku. Huwamo ndala, kofia, dawa zangu, na kipande cha sabuni ya mche, kisichomwagika na kinachofaa kwa mwili na kwa nguo. Viatu vya ngozi ni jozi moja, ile iliyo miguuni, maana jozi ya akiba huota ukungu kabla haijavaliwa. Zamani karatasi tulizikinga na mvua kwa mifuko ya nailoni. Tangu marufuku ya tarehe 1 Juni 2019, zangu huziweka pamoja na kompyuta ndogo katika jalada gumu lenye zipu. Uzito wote haufiki kilo 7, kiwango ambacho mashirika mengi ya ndege humruhusu abiria kuingia nacho ndani. Lakini kipimo changu hasa ni bodaboda. Begi lisilokaa mgongoni au mapajani mwa abiria wa bodaboda bila kumyumbisha dereva, hilo limezidi.

Msomaji atagundua kwamba sikutaja koti la suti wala tai. Sikusahau. Suti ilishonwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi, na wazee wetu wa kizazi cha uhuru waliliona hilo mapema. Kaunda suti, iliyopewa jina la Rais wa kwanza wa Zambia, Kenneth Kaunda, ilikuwa jawabu mojawapo: vazi la heshima, la mikono mifupi, lisilohitaji tai. Leo tumerudi kwenye koti. Ofisa huvaa dhidi ya hali ya hewa ya nchi yake, kisha huwasha kiyoyozi ili alistahimili vazi lake. Umeme wa kiyoyozi hicho sehemu yake huzalishwa kwa gesi, na sehemu ya gesi hiyo hutoka Mnazi Bay, Mtwara, ikisafirishwa kwa bomba lililokamilika mwaka 2015. Ni bomba lile lile ambalo wananchi wa Mtwara waliandamana kulipinga mwaka 2013, wakiuliza wao watabaki na nini. Tunapokwenda kuwahutubia katika kumbi zilizopozwa, huku makoti yetu yakiwa yamefungwa vifungo, tukumbuke kuwa swali lao halijazeeka.

Lakini kisa cha mizigo ni kirefu kuliko cha suti. Mwezi Machi 1871, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo, jirani zetu wa Kibaha, kumtafuta David Livingstone. Alikuwa na shehena ya karibu tani 6: nguo, shanga, nyaya, silaha, mahema. Akavuka Mto Ruvu, ambao sehemu hiyo uliitwa Kingani, akaelekea bara. Historia imeliandika jina lake. Tani zile 6 zilikwenda kwa miguu ya wapagazi, na kwa desturi ya misafara ya wakati huo mpagazi mmoja alibeba takribani frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, kichwani au begani, siku baada ya siku. Majina yao wengi wao hatuyajui.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika Afrika Mashariki, upagazi ukawa wa shuruti. Waingereza na Wajerumani kwa pamoja waliwachukua Waafrika kwa mamia ya maelfu kubeba risasi na vyakula, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi kiliwekwa katika eneo ambalo mpaka leo limebaki na jina la kikosi hicho kwa matamshi yetu: Kariakoo. Huko ndiko nilikonunua begi langu, na huko ndiko wengi wetu tunakonunua masanduku makubwa ya magurudumu. Tunanunua masanduku mahali palipopewa jina la watu waliokufa wakibeba mizigo ya wengine, na kila siku vijana wa mikokoteni wanatupisha njia wakiwa wamebeba mizigo yetu.

Kusini kwenyewe kuna somo la aina yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, kwa maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wataalamu walikuja na kila kitu. Hata vifaru vilivyosalia vitani viligeuzwa matrekta. Kitu ambacho hawakukileta ni nafasi ya kusikiliza: kujua udongo wa Kongwa unavyokuwa mgumu ukikauka, kujua mvua zinavyokuja na kukosekana, kuwauliza wakulima waliokuwa wakilima hapo. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo, ipo hadi leo. Reli iliyokwenda Nachingwea ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ninapowapeleka wanafunzi Kusini huwasimulia kisa hiki kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu wengi wao wanakwenda na dodoso lililokwisha kujaa majibu.

Tusidhani kuwa hayo ni ya wakoloni tu. Niliwahi kuwa katika shule moja ya sekondari siku ambayo ujumbe wa wageni rasmi uliwasili kwa warsha ya siku mbili. Magari yalipoegeshwa, kipindi cha hisabati kikasimamishwa, wavulana wanane wakatolewa darasani kupakua masanduku, maboksi ya maji na viti vya wageni. Mada ya warsha ilikuwa ubora wa elimu. Hakuna aliyetoa amri kali wala aliyenung'unika. Jambo lilifanyika kama desturi, nami nadhani hapo ndipo penye tatizo. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetazama mzigo ukiwa kichwani mwa mwingine huuona mwepesi kama furushi la pamba ya msufi. Mtu asiyebeba mzigo wake mwenyewe hana sababu ya kuupunguza.

Hoja hii, hata hivyo, ina upande wa pili, na aliyenionyesha ni shangazi yangu wa Maneromango, ambaye hajawahi kusoma makala yangu hata moja. Mwaka jana nilikwenda kumuaga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo safari hiyo? Na mzigo?"

"Ndio huu, shangazi."

Akalitazama begi, akanitazama mimi. "Mtu anayesafiri mikono mitupu, ama anakimbia deni, ama hana ndugu."

Nikamwambia, kwa lugha ya darasani ambayo yeye huivumilia, kwamba mikono mitupu ndiyo yenye nafasi. Akasema, "Haya, tuione hiyo nafasi." Akaingia ndani, akatoka na mkeka wa ukindu alioususuka mwenyewe kwa miezi, pamoja na kifurushi cha unga wa muhogo. Binti yake alikuwa amejifungua Mikindani, na mkeka ule ulikuwa wa mtoto.

Shangazi alikuwa amegusa jambo ambalo watetezi wa safari nyepesi hulikwepa. Ushauri mwingi wa kusafiri na begi dogo, hasa unaotoka Ulaya na Marekani, humfikiria msafiri kama mtu pekee: nguo zake, starehe yake, muda wake uwanja wa ndege. Kwetu msafiri ni mjumbe. Kuna barua, kuna salamu, kuna dawa ya mgonjwa, kuna kanga ya mzazi. Wepesi unaomfanya mtu aikatae mizigo hiyo ni ubinafsi uliovishwa jina zuri. Mkeka ule ulisafiri hadi Mikindani ukiwa umesimamishwa kati ya magoti yangu na ya abiria mwenzangu, mama mmoja wa Kilwa aliyeushika kila basi lilipokata kona. Ningekuwa na sanduku la kilo 23, ningemwambia shangazi maneno ambayo wengi wetu tumekwisha kuwaambia wazee wetu: "Safari hii nimejaa, labda ijayo."

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tupunguze mizigo yetu binafsi ili tubakize mkono wa kubeba ya wenzetu. Na barabara ya Kusini inalifundisha hilo vizuri. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri walisubiri kivuko cha Mto Rufiji, na masika barabara iliweza kufungwa kwa muda mrefu. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwatesa watu kwa miaka mingi. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zikaikata tena barabara hiyo eneo la Somanga, na wasafiri wakakwama. Katika hali kama hiyo mwenye begi moja huweza kumshikia mama mtoto wake. Mwenye masanduku matatu hulinda masanduku yake.

Nchi nayo husafiri namna hiyo. Taasisi iliyolemewa na magari, viti vya enzi, makongamano na posho haina mkono uliobaki wa kushika mzigo wa mkulima wa korosho anayengoja malipo yake, au wa mwalimu anayefundisha wanafunzi tisini katika chumba kimoja. Tunasema bajeti haitoshi, na mara nyingine ni kweli haitoshi. Lakini tungeanza kwa kuuliza ni kilo ngapi kati ya hizo ni za mbebaji na ngapi ni za mwananchi.

Kwa wanafunzi mnaojiandaa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo Mtwara, Lindi au kwingineko pwani, ushauri wangu ni mfupi. Fungasheni, kisha vaeni begi na mtembee nalo nusu saa juani. Kinachowaumiza bega na hamkijui kazi yake, kiacheni. Msibebe vazi la kuwaogofya wenyeji. Bebeni daftari tupu. Wahenga walisema msafiri maskini, ajapokuwa sultani: ugenini kila mtu ni mwombaji wa njia, wa maji na wa maelezo, na ni vema afike akiwa anafanana na hali hiyo.

Na kabla ya kuondoka, mwulizeni mzee aliye nyumbani kama ana kitu cha kupeleka.